Kuoza kwa Kwato za Kondoo: Ugonjwa Hukaa Mguuni, Si Matopeni

Mfugaji wa nyanda za juu, kila mwaka mvua zikisha kushika sawasawa, yaani tangu Desemba hata Aprili, waona jambo lile lile katika kundi lako. Asubuhi kondoo watoka zizini, na mmoja abaki nyuma akichechemea. Baada ya siku chache wachechemeao ni watatu, kisha ni saba, na mwisho wamwona kondoo jike mwenye mwili mzuri akila majani kwa kupiga magoti, kwa kuwa hawezi tena kusimama juu ya miguu yake ya mbele. Ukiuinua mguu wake harufu ya uvundo yakupiga usoni kabla macho hayajaona kitu.

Mtu akiulizwa sababu, hujibu mara moja: ni matope. Basi hungoja kiangazi, akitumaini kwamba nchi ikikauka ugonjwa utakwisha. Na kweli nchi ikikauka wengi hupata nafuu. Lakini mvua za mwaka ufuatao ugonjwa warudi, wala hajui ulikuwa wapi siku zote hizo. Neno ninalotaka ulishike katika karatasi hii ni hili: matope hufungua mlango tu. Adui mwenyewe hakai matopeni. Akaa katika mguu wa kondoo, na huko ndiko alikolala kiangazi chote.

Usidhani kuwa haya ni mambo madogo kwa sababu kondoo hafi upesi. Jike mwenye mimba asiyeweza kutembea hashibi. Asiyeshiba hana maziwa. Na mwana-kondoo aliyezaliwa katika baridi ya Uporoto au Makete bila maziwa ya kutosha hafiki siku nyingi. Dume mwenye miguu ya nyuma iliyooza hawezi kupanda, na kwa hiyo mwaka ujao wana-kondoo watakuwa wachache, nawe utalaumu majike. Tena kondoo achechemeaye akipelekwa mnadani mchuuzi humtazama mguu, hutikisa kichwa, na hutaja bei ya chini. Fedha ile ndiyo iliyokuwa ya sare na daftari za mtoto.

Sasa tumtazame adui. Ni kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho wataalamu hukiita Dichelobacter nodosus. Aliyekitambua na kuthibitisha kwamba ndicho kisababishacho ugonjwa huu ni W. I. B. Beveridge, mtaalamu wa huko Australia, naye alitangaza habari zake mwaka 1941. Lakini kidudu hiki hakiwezi kuingia katika ngozi nzima iliyo kavu. Chahitaji mwenzake wa kumtangulia. Mwenzake huyo ni kidudu kingine, Fusobacterium necrophorum, ambacho hukaa katika mavi ya wanyama, hata kila zizi lina vidudu hivyo. Kondoo akisimama siku nyingi katika mavi na maji, ngozi iliyo katikati ya kwato mbili hulainika kama mikono ya mfua nguo. Kidudu cha mavi huichubua ngozi hiyo. Kama kidudu cha kwanza hakipo katika kundi, mambo huishia hapo: ngozi yawa nyekundu, kondoo achechemea kidogo, na nchi ikikauka apona. Kama kipo, huingia chini ya ukwato, huanza kuutenga na nyama kutoka kisigino, na husonga mbele mpaka ukwato wote waning'inia kama soli iliyobanduka.

Kidudu hiki hakipendi hewa. Hupenda mahali pa siri, chini ya ukwato, penye giza na unyevu. Kikitoka humo na kuanguka malishoni hakina maisha marefu: kwa kawaida ni siku 7 hadi 14, ingawa penye baridi na unyevu mwingi chaweza kuzidi kidogo. Lakini ndani ya mguu wa kondoo mmoja asiyetibiwa chaweza kuishi miezi, hata mwaka na zaidi. Pima mwenyewe mambo haya mawili, nawe utaona mahali pa kupigia.

Kama bado wasema moyoni kwamba matope ndiyo mzazi wa ugonjwa, fikiri juu ya nchi ya Norwei. Ni nchi ya mvua na baridi, yenye kondoo wengi sana. Ugonjwa mkali wa kwato ulionekana huko mwaka 1948, kisha haukuonekana tena kwa muda wa miaka 60. Matope yalikuwapo kila mwaka, na kondoo walikanyaga humo kila mwaka, wala kwato hazikuoza namna hii. Mwaka 2008 ugonjwa ukagunduliwa tena huko, nao wakaanza kazi ya kuufukuza kundi kwa kundi. Kama matope yangekuwa mzazi wake, miaka 60 isingepita bila mtoto kuzaliwa.

Hata hivyo mlango nao una maana, na katika nchi yetu mlango haufunguki sawa mahali pote. Ismani, upande wa kaskazini wa Iringa, na sehemu kavu za Usangu hazina taabu kubwa, isipokuwa mwaka wa mvua nyingi au pale mifugo inapojazana kwenye maji. Lakini Mufindi, Makete, milima ya Uporoto na pande za Rungwe hupata mvua ya muda mrefu, na wakati wa kifuku ukungu hukaa hata saa sita za mchana na majani hayakauki. Kidudu huhama kutoka mguu hadi mguu penye unyevu na joto la kadiri. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 karibu husimama. Ndiyo sababu Juni na Julai, wakati wa umande mgumu wa Kitulo, ugonjwa huonekana kana kwamba umekufa. Haukufa. Umelala.

Hapa yafaa niseme neno juu ya vinyungu. Wengi wetu wakati wa kiangazi twawapeleka kondoo mabondeni, maana huko ndiko kuliko na majani mabichi kando ya bustani. Ni desturi nzuri kwa tumbo la kondoo, lakini kwa mguu wake ni masika yasiyokwisha. Mwenye kundi lenye ugonjwa akiwaacha kondoo walale bondeni, amekiondolea kidudu kiangazi chake. Walishe huko mchana ukipenda, lakini uwarudishe mlimani penye ardhi kavu kabla ya usiku. Tena uangalie zile sehemu chache ambapo miguu yote hupita: mlango wa zizi, njia ya mtoni, na mahali pa chumvi. Ukimwaga hapo changarawe au mawe madogo yasiyo makali, na ukichimba mfereji mdogo wa kuyatoa maji, utakuwa umefanya kazi ya dawa nyingi kwa jembe lako tu.

Si kila kondoo achechemeaye ana ugonjwa huu, na yule atibuye bila kutazama hupoteza fedha. Mlaze kondoo, au mkalishe kwa matako, uinue mguu na uuoshe. Kwanza tazama kama kuna mwiba au jiwe. Kisha tafuta kupe, maana kupe wakubwa wenye midomo mirefu hupenda kujificha katikati ya kwato, na jeraha lao hufanya jipu. Huyu apaswa kung'olewa kupe na kutibiwa jeraha, wala hana haja ya josho la miguu. Katika ugonjwa wenyewe wa kuoza kwato utaona mambo matatu pamoja: ngozi ya katikati imekuwa nyekundu na yenye majimaji, bila nywele, ukwato umeanza kubanduka upande wa ndani kutoka kisigino, na harufu, ambayo mtu akiinusa mara moja hawezi kuisahau. Mara nyingi si mguu mmoja tu, wala si kondoo mmoja tu.

Lakini ukiona kondoo, mbuzi na ng'ombe wamechechemea wengi kwa siku moja au mbili, wana homa, na midomoni mwao mna malengelenge, au ng'ombe watoka udenda, acha kila kitu. Huo si ugonjwa wa karatasi hii, ni ugonjwa wa miguu na midomo. Usimhamishe mnyama hata mmoja, na umwarifu Afisa Mifugo wa kata yako siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 yakulazimisha, na jirani zako wakutegemea. Penye mashaka, Afisa aweza kupeleka vipimo katika maabara ya mifugo iliyoko Iringa.

Nafika sasa kwenye kisu, na hapa najua nitawaudhi wengi. Zamani mafundisho yalikuwa haya: kata ukwato uliooza mpaka ufike penye nyama hai, ili hewa iingie na kuua kidudu. Yalikuwa mafundisho yenye maana, kwa kuwa kweli kidudu hakipendi hewa, na siku zile hapakuwa na dawa nyingine ya nguvu. Wazee wetu wengi walijifunza hivyo, nasi tukajifunza kwao. Lakini mafundisho hayo yamepimwa na kuonekana yana upungufu. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio lao: kondoo waliochomwa sindano ya dawa ya kuua vidudu bila kukatwa kwato walipona upesi kuliko wale waliokatwa. Kukata kulichelewesha kupona. Wala si ajabu. Mguu uliokatwa hata damu ikatoka ni jeraha jipya juu ya jeraha la kale, na kondoo huyo atakanyaga mavi jioni ile ile. Tena kisu hicho hicho, kisipooshwa, hupeleka vidudu katika mguu wa kondoo wa pili na wa tatu. Nimeona mazizi ambamo vipande vya kwato vilivyokatwa vimeachwa mlangoni, na kundi zima lapita juu yake. Katika vipande hivyo kidudu hudumu majuma kadhaa, zaidi ya kilivyo katika udongo mtupu.

Basi usikate mguu uliooza. Ungoja upone kwanza. Kisha, wakati wa kiangazi, kama ukwato umekua mrefu au una ulimi uliolegea unaoshika tope, uupunguze kidogo bila kutoa damu. Kitie kisu katika dawa kila ukimaliza kondoo mmoja, na vipande uviokote vyote uvichome moto.

Dawa iponyayo upesi ni sindano. Itumiwayo sana ni oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, nayo hutolewa kwa uzito wa mnyama: miligramu 20 kwa kila kilo moja. Katika chupa iliyoandikwa asilimia 20, hiyo ni mililita 1 kwa kilo 10, hata kondoo wa kilo 30 apata mililita 3. Usiipime kwa macho, wala usiipunguze ili chupa ienee kundi zima. Dawa pungufu haiui kidudu, bali yakifundisha kuishi. Mwite mtaalamu akuonyeshe mahali pa kuchoma na akuandikie. Mguu nao unyunyizwe dawa ya kidonda. Kisha kondoo asimame mahali pakavu siku nzima, yaani saa 24, kabla ya kurudi malishoni, na hili ndilo sharti ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Wala nyama wala maziwa yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimekwisha. Aliyeanza kuchechemea atibiwe ndani ya siku tatu. Ukimngoja afike magotini, amekwisha kuwagawia wenzake.

Sindano yatibu wagonjwa. Josho la miguu lazuia wengine. Mwenye kondoo wengi na ajenge kijosho cha saruji, chembamba, ambacho kondoo hupita mmoja mmoja, na dawa iwe na kina cha kufunika kwato zote, kama sentimeta 6. Mwenye kondoo wanane au kumi hana haja ya saruji: karai pana la plastiki latosha, na mtoto wa kumshikia kondoo. Dawa iliyo bora ni salfeti ya zinki, kilo 10 katika lita 100 za maji, au kilo 1 katika lita 10 kwa mwenye karai. Haimchomi kondoo, wala haimwogopeshi asikubali kuingia mara ya pili. Kwa kuzuia, asimame humo dakika mbili au tatu. Kwa mguu ulio mgonjwa, dakika 15 au zaidi. Kwanza miguu ioshwe kwa maji matupu, kwa sababu tope huila dawa. Baadaye kondoo wasimame mahali pagumu pakavu kadiri ya saa moja ili dawa ikauke mguuni. Rudia kila juma maadamu ugonjwa ungalipo.

Mrututu nao wafaa, kilo 5 katika lita 100, na wengi huupenda kwa kuwa waujua tangu siku za kunyunyiza kahawa. Lakini nakuonya. Kondoo kuliko wanyama wengine wa nyumbani huuawa na shaba iliyomo katika mrututu, kwa kuwa hukusanyika katika ini lake. Wanyweshe maji kwanza ili wasije na kiu kwenye josho, usiache mabaki wazi, wala usiyamwage mtoni penye samaki. Tena mrututu hula chuma na bati. Usiutie katika debe. Formalini naiacha. Ni kali, yachoma mguu wenye kidonda, na mvuke wake wamdhuru yule aitumiaye.

Sasa rudi kwenye hesabu ile ya siku. Kama kidudu hufa malishoni baada ya majuma mawili hivi, basi malisho yaliyokaa majuma mawili bila kondoo wala mbuzi ni malisho safi, ingawa yana matope. Wenye nafasi kubwa katika pande za baridi wangoje mwezi, ili wasiwe na shaka. Kwa hiyo ligawe kundi lako mara mbili. Kondoo wote, uwainue miguu yote minne, hata wale wasiochechemea. Walio safi wapite joshoni waende malisho yaliyopumzika. Wagonjwa wabaki karibu na nyumba, watibiwe, wala wasiungane na wenzao mpaka wamekaguliwa na kuonekana wamepona kabisa. Mbuzi nao wahesabiwe pamoja, kwa maana ugonjwa huu wawashika pia.

Wakati ulio mwema wa kazi hii si Januari. Januari unazima moto kwa kikombe. Wakati mwema ni Agosti na Septemba, nchi ikiwa kavu, ugonjwa usipoweza kuhama, na wagonjwa waliobaki wakiwa wachache. Wakati huo mtu huona taabu kufanya kazi, kwa kuwa kondoo watembea vizuri na hakuna aliaye. Lakini wako wawili au watatu wenye ukwato uliopinda, mnene, wenye mfuko mdogo ndani unaonuka ukiubonyeza. Hao ndio ghala la adui. Watibu mara moja. Wakirudi kuugua, wachinje au uwauze kwa mchinjaji, usiwauze kwa mfugaji. Ndivyo walivyofanya wachungaji wa milima ya Nepali, katika wilaya za Gorkha na Lamjung, katika miaka ya 1990, ambao hupandisha makundi yao milimani na kuyashusha kila mwaka kama wengine wetu. Waliwaondoa wagonjwa sugu, na wataalamu wakawapa chanjo iliyotengenezwa kwa aina zile zile za kidudu zilizopatikana katika makundi yao. Ugonjwa mkali ukatoweka humo. Chanjo hiyo yahitaji kwanza kujua aina ya kidudu, maana ziko nyingi, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Wala kondoo aliyeugua akapona hana kinga ya kutegemewa. Aweza kuugua tena masika yajayo.

Neno la dume. Kondoo wetu wa nywele wenye mkia mnene wavumilia ugonjwa huu kuliko kondoo wa sufi, hasa Merino, ambaye ndiye dhaifu kuliko wote. Lakini kuvumilia si kutougua, na ugonjwa mara nyingi huja nyumbani pamoja na dume mpya aliyenunuliwa kwa sababu ya mwili wake mkubwa. Mnunuzi humtazama mgongo, meno na kende, wala hamwinui mguu. Wewe mwinue, yote minne, hata muuzaji akicheka. Ukifika naye nyumbani mpitishe katika dawa, kisha mtenge majuma matatu au manne, mkague tena, ndipo aingie kundini.

Yako malisho ya kijiji pia, na hapo mtu mmoja peke yake hashindi. Ukitibu kondoo wako ishirini, na jirani yako akaacha wake watano wachechemee katika njia ile ile ya mtoni, umetibu bure. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, keti na wale mnaokutana mtoni. Mkubaliane siku moja ya Agosti ambayo kila mtu ataleta kondoo wake wote mahali pamoja, kundi moja baada ya jingine, na karai moja la wote. Mchange fedha ya salfeti ya zinki, maana kwa mfuko mkubwa bei hupungua. Na mchague upande mmoja wa malisho utakaofungwa majuma mawili kabla ya siku hiyo. Mwambieni Afisa Mifugo mapema, ili aje na sindano. Wagonjwa wa siku hiyo watiwe alama ya rangi mgongoni, na baada ya majuma matatu wenye alama peke yao warudishwe kukaguliwa, mguu kwa mguu.